TV kubwa ya 4K au monita: ipi ikae mezani kwako?

Kinachowavuta watu ni hesabu tupu. TV ya 4K ya inchi 43 mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko monita ya 4K ya inchi 32, ilhali eneo lake la kutazama ni kubwa kwa karibu mara 1.8. Zote mbili zina pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 3840 kwa 2160, yaani zaidi kidogo ya milioni 8.29. Zote mbili zinapokea waya wa HDMI, unaobeba picha na sauti. Sasa mtu alipe zaidi apate kidogo kwa sababu gani?

Kwa sababu TV imetengenezewa mtu aliyeegemea kochi, mita mbili au tatu kutoka kwenye kioo, anayetazama picha zinazotembea. Monita imetengenezewa mtu aliyekaa umbali wa mkono mmoja, anayesoma herufi zilizotulia. Karibu kila tofauti utakayoisoma hapa chini inazaliwa na jambo hilo. Msimamo wangu nauweka mapema: TV inaweza kuwa monita nzuri sana, lakini ni baadhi tu ya TV, za ukubwa wa kati ya inchi 42 na 48, zenye uwezo wa kuonyesha rangi kamili kwa kila pikseli, juu ya meza yenye kina cha kutosha. Likikosekana moja kati ya hayo, monita ndogo itakufaa zaidi hata kama dukani ilionekana ya kinyonge.

Inchi ngapi, na utakaa wapi

Jicho la mtu anayeona vizuri hutenganisha vitu viwili vilivyopishana kwa sehemu moja ya sitini ya digrii. Kutokana na kipimo hicho unaweza kukokotoa umbali ambao pikseli moja huacha kuonekana peke yake. Ukikaa karibu zaidi ya hapo, jicho linaanza kuona vijiraba na kingo za herufi zinakuwa na meno. Jedwali hili ni la vioo vya 4K pekee.

| Ukubwa | Upana kwa kimo | Pikseli kwa inchi | Umbali wa kuanzia |
|---|---|---|---|
| Inchi 27 | sm 60 kwa 34 | 163 | sm 54 |
| Inchi 32 | sm 71 kwa 40 | 138 | sm 63 |
| Inchi 43 | sm 95 kwa 54 | 102 | sm 85 |
| Inchi 48 | sm 106 kwa 60 | 92 | sm 95 |
| Inchi 55 | sm 122 kwa 68 | 80 | sm 109 |
| Inchi 65 | sm 144 kwa 81 | 68 | sm 129 |

Umbali huo si sheria. Mamilioni ya watu wanafanya kazi kwenye monita za inchi 24 za pikseli 1920 kwa 1080, ambazo zina pikseli 92 kwa inchi, tena wakiwa karibu kuliko hesabu inavyotaka, na hawalalamiki. Ukiwa umeizoea monita ya aina hiyo, basi TV ya 4K ya inchi 48 ni monita nne kama hizo zilizounganishwa bila fremu katikati. Ukali wa herufi utakuwa uleule unaoujua. Ya inchi 43 ni sawa na nne za inchi 21.5, na ukali wake unakaribia ule wa monita ya inchi 27 yenye pikseli 2560 kwa 1440.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi, pengine kwa sababu nao hawajalifikiria. 4K ya inchi 27 inakuuzia ukali. Ukiiacha bila kukuza maandishi, herufi zinakuwa ndogo mno, kwa hiyo wengi huweka ukuzaji wa asilimia 150, na nafasi ya kazi inabaki sawa na ya 2560 kwa 1440. 4K ya inchi 43 inakuuzia nafasi. Unaiacha kwenye asilimia 100, herufi zinasomeka, na pikseli zote milioni nane zinakuwa uwanja wa kutandaza madirisha. Ni bidhaa mbili tofauti zinazobeba jina moja. Anayesoma na kuandika nyaraka moja baada ya nyingine anahitaji ya kwanza. Anayefungua lahajedwali lenye safu sitini, au msimbo upande mmoja na matokeo yake upande mwingine na kumbukumbu za seva chini, anahitaji ya pili.

Kuanzia inchi 55 mambo yanageuka. Meza nyingi zina kina cha sentimita 60 hadi 80, na miguu ya TV nayo inakula sehemu ya kina hicho. Ili ukae zaidi ya mita moja itabidi uitundike ukutani nyuma ya meza. Ukishakaa mbali hivyo herufi zinakuwa ndogo machoni, unazikuza, na nafasi uliyoinunua inarudi ilikotoka. Ya inchi 65 iache sebuleni au kwenye chumba cha mikutano. Wapo wanaofikiri 8K itatatua hilo, kwa kuwa kioo cha inchi 65 chenye pikseli 7680 kwa 4320 kina pikseli 136 kwa inchi. Ukali upo kweli, ila upana wa karibu mita moja na nusu haupungui, na shingo ndiyo itakayolipa.

Herufi ndizo zinazoiumbua TV

Kama utasoma sehemu moja tu ya ulinganisho huu, soma hii.

Picha ya video hutenganishwa sehemu mbili: mwangaza na rangi. Kwa kuwa jicho letu ni kali kwenye mwangaza na zembe kwenye rangi, wanaotengeneza filamu na matangazo ya TV walijifunza zamani kubana rangi ili kupunguza mzigo. Mtindo unaoitwa 4:2:0 unazipa pikseli nne za mraba mmoja rangi moja ya kugawana, huku kila pikseli ikibaki na mwangaza wake. Filamu za mtandaoni, diski za Blu-ray na matangazo ya kidijitali karibu yote huja hivyo, kwa hiyo TV inayobana rangi haipotezi chochote ikionyesha filamu.

Herufi ni jambo jingine. Mstari wa herufi "l" unaweza kuwa na upana wa pikseli moja tu. Rangi yake ikigawanywa na majirani watatu, kingo zinavuja. Maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe yanaponea, kwa sababu tofauti yake yote iko kwenye mwangaza. Maandishi mekundu juu ya bluu yanakuwa matope. Mtu anayeandika msimbo kwenye kihariri kinachopaka maneno rangi, au mhasibu mwenye tarakimu nyekundu, ataligundua ndani ya saa moja na macho yatauma kabla ya jioni.

Dawa ni kuhakikisha ishara inasafiri kwa 4:4:4, ambapo kila pikseli ina rangi yake. Monita hufanya hivyo bila kuulizwa. TV inabidi uichunguze mara mbili: je, inaipokea ishara hiyo, na je, inaionyesha ilivyo? Zipo zinazoipokea vizuri kisha zikaibana zenyewe ndani, kwa sababu mtambo wao wa kuchakata picha umezoea video. Nyingi huacha tabia hiyo ukiliambia tundu husika kwamba limechomekwa kompyuta, kwa kubadilisha jina au ikoni ya chanzo iwe "PC", au ukiwasha hali ya gemu. Pia kuna mpangilio wa kuruhusu ishara nzito kwa kila tundu peke yake, na kila chapa imeupa jina lake. Samsung huuita "Input Signal Plus", Sony "Enhanced format", na LG hutumia jina lenye maneno "Deep Colour". Ukiusahau, TV inaweza kukuonyesha 4K ya mwendo wa chini (picha chache kwa sekunde) au rangi zilizobanwa, na hutajua kosa ni la nani.

Ukimaliza hapo, yapo mengine madogo ambayo monita haina kabisa. Mpangilio wa ukali wa picha huongeza mstari mwembamba mweupe kuzunguka kila herufi. Ushushe mpaka mstari huo utoweke. Kwenye chapa nyingine ni sifuri, kwenye nyingine alama isiyoongeza wala kupunguza iko katikati. TV nyingi pia bado zina tabia ya enzi za vioo vya mgongo, ya kuikuza picha kidogo ili kingo zijifiche nyuma ya fremu. Kwenye kompyuta hilo hukata mwambaa wa chini na kuzifanya herufi zote zififie, kwa kuwa pikseli ya kompyuta hailingani tena na pikseli ya kioo. Mpangilio wa kulizima utauona kwa majina kama "Just Scan", "Screen Fit" au "Full Pixel". Tena video hutumia ngazi za mwangaza kutoka 16 hadi 235, wakati kompyuta hutumia 0 hadi 255. Pande mbili zisipokubaliana, weusi unakuwa kijivu kilichopauka, au vivuli vyote vinazama vikawa doa jeusi. Pande zote mbili ziwekwe sawa.

Yote hayo yana marekebisho. Lisilo na marekebisho ni muundo wa kioo chenyewe. Kila pikseli imejengwa kwa vijisehemu vitatu, chekundu, kijani na bluu, na mifumo ya kompyuta hutumia mpangilio huo kulainisha herufi. Baadhi ya TV zimepangwa kinyume, bluu ikitangulia. Kwenye Windows kifaa cha kulainisha herufi kiitwacho ClearType kinaweza kukusaidia hapo kwa kiasi kikubwa. Lakini zipo TV za bei nafuu zenye kijisehemu cha nne cheupe kilichoingizwa kwa namna ambayo pikseli nyingine zinakosa rangi moja kati ya tatu. Kwa jina bado ni 4K, na kwa filamu huwezi kugundua. Kwa herufi, hakuna mpangilio wowote utakaoiokoa.

Waya, tundu, na mwendo

Mwaka 2013 kampuni ya Seiki ilitoa TV ya 4K ya inchi 39 kwa bei ambayo monita za 4K za wakati ule hazikuikaribia, na waandishi wa programu waliikimbilia. Ilikuwa na kasoro moja kubwa: ilipokea 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde, kwa sababu HDMI 1.4, iliyotoka 2009, ndiyo iliyokuwa humo. Picha 30 kwa sekunde maana yake kila picha inakaa milisekunde 33. Kwa kusoma inavumilika. Kishale cha kipanya ndicho kinachokuchosha. Kinaburuta mkia, na mkono wako unafika kabla yake.

Leo tatizo hilo limehamia upande wa kompyuta. TV yoyote ya 4K ya miaka ya karibuni inapokea picha 60, lakini kompyuta mpakato za zamani, vigeuzi vingi vya bei rahisi vya USB-C na vituo vya kuunganishia bado vinatoa 30 tu. Kabla ya kulaumu kioo, fungua mipangilio ya onyesho ya kompyuta uone namba iliyoandikwa pale.

HDMI 2.0, ya mwaka 2013, inabeba gigabiti 18 kwa sekunde. 4K ya picha 60 yenye 4:4:4 na biti 8 kwa rangi inatumia 17.82. Imeingia kwa kubanana, na hapo hakuna nafasi ya kuongeza kitu. Ukiwasha HDR, mfumo wa kupanua tofauti kati ya mwanga na giza kwenye picha, ambao unataka biti 10, kompyuta huenda ikabana rangi ili ishara ipite, na mara nyingi haikuambii. Ndiyo maana mtu huwasha HDR akitarajia picha bora, kisha akashangaa herufi zimekuwa mbaya. Kwa kazi za kawaida kwenye HDMI 2.0, HDR izimwe, uiwashe unapotazama filamu.

HDMI 2.1, iliyotangazwa 2017, inafika gigabiti 48 na inaruhusu 4K ya picha 120. Ila lebo ya "2.1" kwenye boksi haitoshi, kwa sababu vipengele vyake vingi ni vya hiari, na mara nyingi ni tundu moja au mawili tu kati ya manne yanayobeba mwendo huo. Soma maandishi madogo yaliyo kando ya tundu. Usiamini pia namba za mwendo zilizopambwa majina ya kibiashara. TV iliyoandikwa 120 au 240 kwa jina la aina hiyo inaweza kuwa na kioo cha Hz 60, yaani picha 60 kwa sekunde.

Monita, kwa upande wake, karibu daima ina DisplayPort, tundu jingine la picha ambalo TV karibu zote hazina. Kwa wengi hili halina uzito. Kwa anayetumia mfumo wa Linux na kadi ya grafiki ya AMD lina uzito mkubwa, maana mwaka 2024 HDMI Forum, chombo kinachosimamia viwango vya HDMI, ilikataa kuruhusu HDMI 2.1 iingizwe kwenye programu huria ya kuendesha kadi hizo. Mtu huyo akitaka 4K ya picha 120, DisplayPort ndiyo njia nyoofu, na hilo linamrudisha kwenye monita.

Kuhusu ucheleweshaji: TV iliyoachwa kwenye hali ya filamu huchukua muda kusafisha na kulainisha kila picha, na kishale kinaweza kuchelewa milisekunde 50 hadi 100 au zaidi. Ukiwasha hali ya gemu, TV nyingi za sasa zinashuka chini ya 20. Hapo huhisi tofauti kwenye kazi, na kwa gemu nyingi pia. Wachezaji wa mashindano wanajua wanachotaka na hawatakuja kutafuta ushauri huku. Wachukue monita ya mwendo wa juu.

Shingo, meza, na pembe za kioo

Mwongozo wa kawaida wa ukaaji kazini ni kwamba ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini kidogo, na macho yawe sentimita 50 hadi 100 kutoka kwenye kioo. Monita nzuri hupanda, hushuka, huinama na hata hugeuka kusimama wima. TV ya inchi 43 ina kimo cha sentimita 54 kabla ya kuhesabu miguu, na haishuki hata kidogo. Theluthi ya juu inakaa juu ya macho ya watu wengi. Anayekubali kuitumia sehemu hiyo kwa vitu vya kutupia jicho tu, kama kalenda, muziki na ujumbe, ataishi nayo salama. Anayepanua kila dirisha lijaze kioo kizima atasoma akiwa ameinua kidevu siku nzima, na anayefuatilia vitu vya pembeni kushoto na kulia atageuka shingo feni.

Kwa hiyo programu ya kugawa kioo ni sehemu ya kifaa, si pambo. Windows 11 ina mpangilio wake wa kupachika madirisha, na FancyZones, iliyo ndani ya programu za ziada za PowerToys, inakuruhusu kuchora kanda zako mwenyewe. Bila kitu cha namna hiyo nafasi yote inaenda bure.

Angalia miguu pia. TV nyingi zina miguu miwili iliyo mbali kabisa kwenye ncha, na meza yenye upana wa sentimita 80 haiwezi kuibeba ya inchi 43. Mkono wa kutundikia wa VESA (kiwango cha matundu ya skrubu nyuma ya kioo) unaondoa tatizo hilo na unakurudishia kina cha meza, ilimradi umekadiria uzito.

Halafu kuna suala la aina ya kioo. TV nyingi za LCD, yaani zenye taa nyuma ya kioo, hutumia aina iitwayo VA, inayopendwa kwa weusi wake wa kina ukiitazama kutoka mbele. Ukikaa sentimita 80 kutoka kwenye inchi 43, ncha za kushoto na kulia unazitazama kwa pembe ya digrii 30 hivi, na kwa pembe hiyo VA inapauka. Utaona katikati pako sawa na kingo zimefifia, na haitakuwa hitilafu ya kupeleka dukani. IPS, aina nyingine ya kioo cha LCD, haina shida hiyo, ingawa weusi wake unaelekea kijivu gizani. Kwa kazi ya karibu ningechukua IPS bila kufikiri mara mbili, hata kama kwa filamu ningechukua VA.

OLED inastahili maelezo yake

OLED ni kioo ambacho kila pikseli hutoa mwanga wake yenyewe. LG ilipotoa TV yake ya aina hiyo, CX ya inchi 48, mwaka 2020, ikiwa na picha 120 na HDMI 2.1, watu wengi wa kompyuta waliona hatimaye TV imewafikia mezani. C2 ya inchi 42 ya mwaka 2022 ilipunguza hata kisingizio cha ukubwa. Weusi ni weusi kweli, pembe hazipauki, na mwitikio wa pikseli ni wa haraka kuliko LCD yoyote.

Lakini OLED na dirisha jeupe si marafiki. Ukifungua nyaraka nyeupe ikajaza kioo, TV inapunguza mwangaza ili isile umeme kupita kiasi na isipate joto. Ukiifunga, mwangaza unarudi. Kila unapobadilisha dirisha kioo kinapumua, na wapo ambao hilo huwatia wazimu kabisa. Vilevile vitu visivyohama, kama mwambaa wa chini, ikoni za mezani na kingo za kivinjari, vinaweza baada ya muda mrefu kuacha kovu lisilofutika. Wanaozitumia kwa kazi huficha mwambaa, huweka mandhari nyeusi, huzima ikoni, na huiacha TV kwenye umeme usiku ili ifanye usafi wake wa pikseli. Herufi zake nazo zina kingo za rangi kidogo kwa sababu OLED za LG zina kijisehemu cheupe cha nne. Kwa anayecheza gemu, kutazama filamu na kufanya kazi saa chache kwa siku, ni kifaa kizuri kupita kiasi. Kwa anayekaa na lahajedwali saa nane kila siku, siwezi kuipendekeza, na LCD ya kawaida itampa amani.

Kero ndogo ambazo hazimo kwenye vipimo

Kompyuta ikilala, monita inalala. Ukigusa kibodi, inaamka. TV hubaki ikiandika "hakuna ishara" kwa dakika kadhaa, kisha inajizima kabisa, na asubuhi unatafuta rimoti. HDMI ina njia ya vifaa kuamshana iitwayo CEC, ila kadi nyingi za grafiki za kompyuta haziitumii. Hii ndiyo kero inayowarudisha watu kwenye monita mara nyingi kuliko suala lolote la picha, kwa sababu inajirudia kila siku.

TV za kisasa pia ni kompyuta zenye mawazo yao. Zinasasisha programu zake zikitaka, zinaweka matangazo kwenye menyu, na nyingi zinaweza kutambua unachotazama na kutuma taarifa hizo. Si uvumi: mwaka 2017 kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza shauri la mamlaka za Marekani kuhusu kukusanya taarifa za utazamaji kwenye TV milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe, ikiwemo video iliyotoka kwenye vifaa vya nje vilivyochomekwa. Sasa fikiria kioo hicho kikionyesha barua zako na hesabu za kazini. Suluhisho ni rahisi na halina gharama: TV inayotumika kama monita isiunganishwe na intaneti kabisa. Kompyuta tayari ina mtandao, TV hauihitaji.

Upande wa pili wa mizani, TV ina spika zinazosikika, matundu ya kuchomeka kifaa cha gemu na king'amuzi, na usiku inageuka ukumbi wa filamu bila kuhamisha kitu. Kwa anayeishi chumba kimoja, kifaa kimoja badala ya viwili ni hoja nzito kuliko nusu ya niliyoyaandika hapo juu. Monita inajibu kwa waya mmoja wa USB-C unaobeba picha, data na umeme wa kuchaji kompyuta mpakato. TV hainao, na sioni dalili kwamba watengenezaji wake wanaufikiria.

Nani achukue ipi

Mwandishi, mhariri, mwanasheria, mtafsiri, yeyote ambaye kazi yake ni maneno: monita ya 4K ya inchi 27 au 32. Macho yatakushukuru na hutahitaji kujua chochote kuhusu 4:4:4.

Mwandishi wa programu, mchambuzi wa data, mhariri wa video mwenye mistari mirefu ya wakati: TV ya inchi 43 ya IPS yenye 4:4:4 iliyothibitishwa, kwenye meza yenye kina cha sentimita 80 au kwenye mkono wa ukutani. Hapa ndipo TV inapoishinda monita kwa thamani, tena kwa mbali. Mbadala wake wa karibu ni monita mbili za inchi 27, ambazo zina fremu katikati lakini unaweza kuzipinda zikuzunguke.

Mpiga picha au mbunifu anayepeleka kazi uchapaji: monita iliyosanifiwa rangi kiwandani. TV inapendezesha rangi. Mtu wa uchapaji hataki kupendezeshewa.

Na aliyekwisha kuwa na TV ya 4K nyumbani asinunue chochote kwanza. Achomeke waya, afuate mipangilio niliyoitaja, akae nayo wiki moja kwenye kazi yake halisi.

Anayekwenda kununua asikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Beba kompyuta yako mwenyewe na waya unaouamini, kwa sababu video ya maonyesho ya dukani imetengenezwa makusudi isionyeshe udhaifu wowote kati ya hizi. Weka rezolusheni iwe 3840 kwa 2160, Hz 60, ukuzaji asilimia 100. Fungua kihariri cha maandishi, andika sentensi kwa herufi ndogo nyekundu juu ya bluu, kisha nyingine ya zambarau juu ya nyeusi. Zungusha kishale kwa kasi. Kaa umbali utakaokaa nyumbani, si umbali wa kusimama wa mteja, uangalie kona nne. Herufi nyekundu zikibaki matope hata baada ya kuliita tundu "PC" na kuwasha hali ya gemu, rudisha waya mfukoni na uende kwenye TV inayofuata. Na kama duka halikuruhusu kuchomeka, uliza masharti ya kurudisha bidhaa kabla ya kulipa, na boksi lisitupwe.